Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Mwanaesha, mke wa mjukuu wangu,

Nimekwenda Wajir kumchukua dada yangu Bishara. Tutarudi keshokutwa, inshallah, aonje maziwa yako ya ngamia.

~~Usiguse tena kibuyu changu cha maziwa.~~ Nimefuta hilo. Kiguse. Asubuhi nilikufokea mbele ya majirani kwa kukiosha kwa sabuni, moshi wa miaka tisa unaoyapa maziwa ladha ukatoka na povu. Lakini wewe mtu wa Lamu ungejuaje?

Tia ndani yake makaa ya moto ya mgunga, funika, tikisa, mwaga majivu. Rudia mpaka kinukie moshi hata mlangoni. Mimina maziwa mabichi, ufunge, weka kivulini siku mbili. Usichungulie! Yangu ya kwanza yalikataliwa na paka.

Bishara akiuliza nani alikiosha, mwambie ni mimi, bibi yako. Akiuliza maziwa ya nani, jibu mwenyewe.

Ayeyo, bibi yako