Msahau Kitindamimba

Nyumbani,
Jumatano asubuhi, nguo bado ziko kwenye maji.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko? Habari za kazi, habari za baridi, habari za wifi yangu na ule mgongo wake? Natumaini barua hii itawakuta salama, na kwamba kile kikohozi chako kimekuacha. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Miguu ya Mama inavimba jioni na kunywea asubuhi, shemeji yako anakoroma kama kawaida yake, na mimi ni mzima, ila nimechoka. Ni uchovu ule ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Nilikutumia ujumbe kwenye simu kwamba kuna jambo la Mama nataka tuzungumze, ukanijibu kwa kidole gumba. Sikulaumu, zamu zenu nazijua. Ila jambo lenyewe haliingii kwenye ujumbe, na kulisema kwa simu humu ndani siwezi, maana masikio ya Mama siku hizi yanachagua: ukimwita kula hasikii, ukinong'ona lisilomhusu analidaka nusu. Basi nimeshika kalamu. Nakuomba ukae chini usome mpaka mwisho.

Mambo yalianza na ruta. Kampuni ya intaneti ilibadilisha ruta za mtaa mzima. Kwetu alikuja fundi mwenye haraka zake, akang'oa kile kisanduku cheusi ulichokifunga wewe juu ya kabati la vyombo, akaweka cheupe. Alisubiri taa iwe ya kijani, akanisainisha, akaondoka hata maji ya kunywa hakungoja. Simu zetu zikashika mara moja. Kompyuta ikagoma.

Wewe mwenyewe unajua kompyuta ile ni ya nani. Kwa Mama simu ni kioo chenye mwanga tu, uso wa mtu haumo. Ni kwenye skrini kubwa ndipo anapokuona, na zile spika mbili ndizo anazokusikia nazo. Kuanzia Ijumaa ananiuliza Jumapili ukipiga atavaa gauni gani. Kwa hiyo niliposoma pale chini kwenye skrini kwamba hakuna intaneti, nilijua kazi imenifikia.

Ikawa ndiyo mazungumzo ya nyumba. Shemeji yako anauliza kutoka bafuni, "Wifi vipi?" Nami najibu kutoka jikoni, "Wifi imekufa!" Jioni yake Mama akaniuliza kwa upole wifi yangu alikuwa anaumwa nini. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikamweleza kwamba iliyokufa ni wifi ya kompyuta, mke wa mwanao hajambo. Alinitazama kwa jicho la mtu anayefichwa jambo, akasema haya. Nilikuwa na sufuria motoni, sikurudi kumweleza tena.

Shemeji yako naye umjuavyo. Kwa kuwa hakuna gari lililowahi kumshinda gereji, anaamini hakuna kitu duniani kitakachomshinda. Alichomoa nyaya zote, akazifuta kwa kitambaa, akapuliza kila tundu, akachomeka upya. Akasema ni betri. Nikamwambia kompyuta hii haina betri. Akasema ndiyo maana. Siku mbili tukaishi na nyaya sakafuni, Mama anazivuka kwa fimbo, mimi roho juu.

Mwishowe nikapiga huduma kwa wateja. Walinichezea muziki wao mpaka sikio likaniuma, kisha akapokea mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Nikaweka spika, simu nikaiacha mezani, shemeji yako akashika kipanya. Mimi nilikuwa nimepiga magoti na tochi, nasoma neno la siri chini ya kile kisanduku kipya, herufi ndogo kama chawa. Mama alikuwa kwenye kiti chake, hatua chache tu nyuma yetu.

Sasa hapa nakuomba usome polepole. Unakumbuka ulipoifunga ruta ya zamani uliupa mtandao jina lako la nyumbani, Kitindamimba, ili Mama akilisikia afurahi. Kumbe kompyuta ilikuwa bado inaliita jina hilo.

"Mnamwona huyo Kitindamimba?" akauliza yule mama.

"Tunamwona," akajibu shemeji yako, "lakini hashiki."

"Hawezi kushika, baba, hayupo tena. Bonyeza jina lake, halafu bonyeza Sahau. Msahau Kitindamimba. Mkimng'ang'ania mtahangaika bure. Sasa hivi mnaanza na mpya."

Shemeji yako akabonyeza, na kwa ile sauti yake ya gereji akatangaza, "Tayari! Nimemsahau!"

Sikugeuka kumtazama Mama. Nilikuwa nabishana na herufi moja kama ni sifuri au ni o.

Tukapata mtandao mpya, kompyuta ikaandika kwamba imeunganishwa, lakini intaneti yenyewe hakuna. Yule mama akasema tatizo letu amelipeleka mbele. Nikakusanya nyaya, nikapika, nikalala.

Kuanzia hapo Mama akanyamaza. Kesho yake aliniomba kiti chake nikigeuze kielekee dirishani. Nikakigeuza. Ijumaa ikaja, hakuuliza habari ya gauni. Nisikufiche, nilipumua. Nilidhani ameelewa kwamba chombo kimeharibika na ameamua kunionea huruma. Hata jirani yetu mshonaji aliponishika mkono mlangoni na kuniambia pole sana dada, haya mambo hayazoeleki, nilimjibu kwamba ndiyo hivyo, tunahangaika nayo tu, kampuni yenyewe haieleweki. Aliniangalia sana. Nikadhani naye mtandao wake umekatika.

Jumapili hiyo ulipiga kwenye simu, sauti imekauka kwa kikohozi. Nikamwekea Mama sikioni. Alikuitikia "asante baba, asante," akanirudishia simu. Sasa ninajua alidhani ni nani: mtu fulani wa huko kwenu aliyepiga kumpa pole.

Nilipoona amenyong'onyea, nikatenda jambo nililodhani ni jema. Mule kwenye kompyuta kuna ile video uliyorekodi na wifi yangu mlipohamia nyumba mpya, na hiyo haihitaji intaneti. Nikakigeuza kiti, nikaiwasha. Mama akainuka nusu, akakuita. Akakuuliza unaumwa? Ukacheka, ukaonyesha jiko. Akakuuliza tena, kwa sauti zaidi, mwanangu uko wapi? Ukaendelea kuonyesha jiko. Akakaa. Hakuuliza mara ya tatu, nami nikaizima nikidhani amechoka.

Jumatano nikawapigia tena. Safari hii alipokea bwana mmoja mpole, akaniuliza kama kuna mtu aliwahi kuiandikia kompyuta anwani kwa mkono. Nikasema yupo, mdogo wangu. Kumbe kabla hujasafiri uliipa anwani yako mwenyewe ili isitupe taabu, lakini ruta mpya inataka kugawa anwani zake yenyewe, na kompyuta ikawa inang'ang'ania ile uliyoipa. Imehama lakini bado inataja mtaa wa zamani. Akanielekeza mahali pa kuweka alama ili ipokee anwani yenyewe. Nikaweka alama, nikaizima, nikaiwasha, ikashika. Nilikaa palepale sakafuni nikalia kidogo. Wala haikuwa furaha, ni mwili tu ulikataa kuinuka.

Jumapili iliyofuata unaikumbuka. Ulisema, "Mama, mbona umeganda? Dada, picha yenu imeganda bado." Ukasema tutaongea mtandao ukitengemaa, ukakata.

Picha haikuganda, mdogo wangu. Mtandao ulikuwa safi, nilikuwa naona hadi kovu la kidevuni mwako. Mama ndiye aliyekuwa vile, mikono mapajani, anakutazama bila kupepesa jicho. Hakukuitikia kwa sababu kwenye ile video alikuita mara mbili na hukumjibu.

Nilikuwa namchana nywele jioni hiyo aliponiambia, bila machozi, "Msinionyeshe tena. Mimi nimeshakubali. Nilimsikia yule mama wa kwenye simu. Alianza kufa mkewe, akafuata yeye, nanyi mkaambiwa mmsahau."

Chanuo liliniponyoka. Nikacheka kwanza, Mungu anisamehe, maana nilidhani nikicheka atacheka. Nikamweleza yote toka mwanzo: ruta, jina, Sahau, video. Nilimweleza vizuri, kwa utulivu, kama ninavyokueleza wewe. Akanisikiliza hadi mwisho. Shemeji yako akaja naye akaapa kwamba uko hai, anakula na anafanya kazi. Mama akamwambia, "Si wewe uliyesema umeshamsahau?" Mzee wa watu akaenda kukaa kwenye gari lake bovu uani.

Nimejaribu kila njia. Nilimwambia akuulize jambo mnalolijua nyinyi wawili tu, akasema wafu hawaulizwi. Nilimwambia tupige sasa hivi, akaniomba nisimsumbue tena. Kwa mshonaji, ambaye Mama alimpa habari za msiba pale dirishani, nimekwenda mwenyewe kumweleza ukweli. Akanikalisha, akanipa maji, akasema dada yangu, kulia kunasaidia.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba hanilaumu. Anaamini mimi ndiye nimeshindwa kukubali, kwamba uchungu umenigeuza akili ndiyo maana nasema uko hai. Kwa hiyo ananibembeleza. Mama yetu, ambaye kuinuka kitandani ni mpaka ashikwe, kila asubuhi ninapomvalisha soksi ananiwekea mkono kichwani na kuniambia, "Pole, mwanangu." Mwanzoni nilikuwa nabishana naye. Nilibishana hadi sauti ikakauka, soksi moja mkononi, chai inapoa.

Jana sikubishana. Maji yalikuwa jikoni yanachemka, nilikuwa na shuka za kufua, mgongo unaniuma. Akasema pole, mwanangu, na mimi nikamjibu kama mtu anavyojibu barabarani, "Nimeshapoa, Mama." Akatabasamu, akashusha pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Nikaingia jikoni nikashika ukingo wa beseni. Maana kwa neno hilo, mdogo wangu, nilikuzika na mimi.

Ndiyo maana sikutaka kukuandikia kwenye simu. Intaneti imepona, kompyuta inakwenda vizuri kuliko zamani, lakini haitusaidii tena. Ukipiga Jumapili, kwake ni picha tu. Njoo. Najua ruhusa ni ngumu kupatikana huko, najua utaniambia mwakani. Mwakani ni mbali kwa mtu anayekula vijiko vitatu na kusema ameshiba. Usilete kitu. Ingia tu mlangoni, mpe uso wako aushike kwa mikono yake, umkoromee ukitaka, umuudhi kama ulivyokuwa ukimuudhi. Nimembeba Mama kwa mambo mengi na sijawahi kukuita. Kwa hili peke yangu siwezi.

Shemeji yako anakusalimu sana na anasema ukija atakupokea kwa gari lile, ambayo maana yake ukodi teksi. Mshonaji atakusalimu mwenyewe atakapokuona, akishamaliza kupiga kelele. Msalimie wifi yangu, mwambie asikasirike kwamba tulimuua kwanza, na mgongo wake aukande kwa maji ya moto.

Hapa ndipo siku zote huandika kwamba Mama anakusalimu. Nilimwambia nakuandikia barua, nikamwuliza nimpelekee mwanawe salamu gani. Alinipangusa uso kwa kiganja, akaniambia niandike tu, kama inanipa nafuu.

Mungu akulinde njiani, na akufikishe mapema.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja.