Kwa Baba Mdogo, Aliyeishia Kwenye Mbili

Ta, ta, ta. Tuliisikia nyundo yako ya mbao kabla hatujakata kona, ikigonga migongo ya vitabu, tukajua karakana iko wazi na fundi yumo ndani. Leo mwaka umetimia, Baba Mdogo, tangu nyundo hiyo inyamaze.

Ulijalidi faili za ofisi, vitabu vya sala na madaftari ya shule. Mikono yako ilinuka gundi hata siku ya harusi ya dada. Kitabu cha mtoto kikiraruka ulikishona kwanza, cha mkurugenzi kikasubiri. Akifoka, unamjibu kwa upole, "Mheshimiwa, wewe una karatasi nyingi. Huyu ana hiki kimoja."

Lakini kipenzi chako kilikuwa kitabu cha katuni, Jabali Jekundu, toleo la saba, ulichokinunua ukiwa kijana. Watu walikucheka, mtu mzima na vikatuni. Waliocheka hawakukisoma, na hilo nitalisema popote. Humo shujaa hapigi hata ngumi moja. Kurasa kumi na nne amebeba paa la kiwanda linaloporomoka, wafanyakazi wanapita chini ya kwapa lake, rangi nyekundu imemwagika nje ya mistari kana kwamba hata mchoraji alitetemeka. "Piteni, nimelishika," anawaambia. Silabi nane kamili! Ushairi nilijifunzia hapo, si darasani.

Anayebaki ni mwenye kiwanda, adui yake, mguu umenaswa. Jabali akimshika, paa litawaangukia wote wawili. "Nikifika tatu, vuta mguu," anamwambia. "Moja. Mbili."

Basi. Ulipokijalidi ulisahau kuweka karatasi nyeupe mwishoni, ukaupaka gundi ukurasa wa mwisho wenyewe na kuubandika kwenye jalada gumu. Fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini na sita!

Kila Jumapili alasiri ulitusomea. Ukifika "mbili" unakifunga, pa!

"Sasa tatu ikawaje?" nilikuuliza. "Wewe ulikisoma kabla hujakijalidi."

"Nikikwambia utaacha kuja."

Nilikuuliza tena wodini. Ukacheka mpaka muuguzi akatukemea. "Tulia, mshairi. Jumapili tutaubandua." Ukaondoka Ijumaa. Hilo, Baba Mdogo, bado sijakusamehe.

Jumapili iliyopita nilichoka kungoja. Nilichemsha maji jikoni kwako, nikashika kisu chembamba, nikakisogeza kitabu kwenye mvuke. Mama Mdogo akanikuta.

"Mwaka mzima hujanichemshia hata chai," alisema, "leo unachemsha kitabu?"

"Ukurasa umo humu ndani, Mama Mdogo! Alikosea tu!"

"Najua alikosea. Ona hapa." Akanionyesha alama ya dole gumba lako, imekaukia kwenye gundi pembeni mwa jalada. "Mashati yake nimeyagawa. Viatu nimevigawa. Na hili dole nalo unataka liyeyuke?"

Nilizima jiko kwa hasira. Hasira hiyo ninayo hadi leo, maana yeye ana haki, na mimi pia ninayo, na wewe uliyetuachia ugomvi huu umelala zako.

Binti zako walikuwa kwenye kochi, wananitazama. Nikaketi katikati yao, nikasoma. Nilipofika "mbili" nikaanza kuukwangua kwa ukucha ule ukurasa uliobandikwa.

"Funga basi!" yule mdogo wao akanigombeza. "Baba hakuwa anachelewa hapo."

Nikakifunga, pa! Wakacheka kama ulivyokuwa unawachekesha. Mama Mdogo akageukia dirishani.

Wanaokukumbuka ni mkeo, aliyekificha kisu. Binti zako wawili, wanaogombania kiti chako. Kaka yako fundi saa, ambaye hajui akasimulie wapi vichekesho vyake. Dada yetu bibi harusi. Majirani wa karakana. Na mimi, mtoto wa huyo kaka yako, uliyeniita mshairi kabla sijaandika hata ubeti mmoja. Hutatutoka moyoni, hata tukikukasirikia.

Wakati naaga, Mama Mdogo aliniuliza mlangoni, "Sasa kwa kuwa hukijui kisa kinavyoishia, ndiyo umesusa?"

Nilimjibu kwa sauti, ili na wewe usikie: "Jumapili nitakuja, Mama Mdogo. Na Jumapili nyingine. Nitasoma mpaka mbili."