Miwani ya Namba Ishirini na Tatu

Jumatatu, 2 Desemba

Nimebandika tangazo la msimu. Mwaka wa tisa huu! Kushoto matukio: kwaya ya watoto, soko la mitumba, mashindano ya kuchora, sherehe ya kufunga mwaka. Kulia misaada kwa familia: vifurushi vya chakula, mablanketi, sare za shule, kadi za watoto. Watu wa mtaa huu husoma kushoto kwa sauti na kulia kwa jicho la pembeni. Mimi karani wa ukumbi nawaona wote kutoka dirishani. Leo mama mmoja alisimama robo saa nzima akijifanya anatafuta saa ya kwaya. Nikaenda kufungua mlango wa nyuma, sikumwita. Akaja mwenyewe.

Mlango wa nyuma niliuanzisha mimi. Mzazi anapita huko, tunajaza kadi pamoja: mvulana au msichana, umri, kitu kimoja. Jina hakuna — namba tu. Kadi inatundikwa ukumbini, mwenye nacho anaichukua, analeta kifurushi, mzazi anakifuata kwa mlango ule ule. Hakuna anayejua nani kampa nani. Na kila mwaka nawaambia akina mama: andika unachohitaji kweli, usione haya. Maneno matamu hayo, ukiwa umekaa upande wa karani.

Jumatano, 4 Desemba

Mkono wa miwani ya binti yangu Chiriku umekatika tena. Selotepu juu ya selotepu. Na hata ingekuwa nzima haimfai — daktari wa macho alimpima mwezi uliopita, akasema macho yameshuka sana, abadilishiwe haraka. Karatasi ya vipimo nimeiweka kwenye droo chini ya vitambaa vya meza. Kila nikifungua droo naiona. Sasa sifungui.

Mwalimu wake ananiambia mtoto ananakili kwa jirani. Miaka kumi na moja, ana mdomo wa kuuza duka zima, na ubao haoni.

Baba yake ameondoka saa moja asubuhi na shati lililopigwa pasi. Anaenda wapi? Ghala alilokuwa akilitunza lilifungwa Julai. Anaenda maktaba, anasoma magazeti, anarudi saa kumi na moja na uso wa mtu aliyechoka kazini. Jirani anamsalimia: pole na kazi. Anajibu: ahsante, tumeshazoea. Mimi na yeye tu ndio tunaojua. Na Jumamosi anaosha gari ambalo halijatoka uani tangu Septemba!

Nimemwambia leo: tumwombe dada yako. Akaweka kijiko chini. Dada yake ndiye aliyemsomesha, na hakuna sikukuu iliyopita bila yeye kuwakumbusha wageni wote. Siku aliyopata kazi mume wangu alikula kiapo hatapokea tena kitu mkononi mwake. Kiapo chake, sawa. Macho ya mtoto je?

Ijumaa, 6 Desemba

Nimefanya. Saa saba mchana, ukumbi mtupu. Nilitoka nje, nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Sijui kwa nini nilizunguka! Hakuna aliyekuwa ananitazama. Nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki wanachokalia akina mama. Kiko chini sana. Miaka tisa sijawahi kujua kwamba kiko chini hivyo.

Namba 23. Msichana, miaka 11, miwani.

Niliandika kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane.

Jumatatu, 9 Desemba

Wanasesere wamechukuliwa. Mipira yote. Hata baiskeli imepata mtu. Namba 23 inaning'inia peke yake na mablanketi mawili. Bwana mmoja aliishika, akaigeuza, akairudisha. Nikamsikia akimwambia mkewe miwani si zawadi, ni hospitali. Nikaendelea kupiga mihuri kwenye karatasi ambazo hazikuhitaji mihuri.

Jumanne, 10 Desemba

Wifi kaichukua. Wifi! Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, kwa hiyo nikimpinga nampinga bosi na dada wa mume kwa pigo moja. Aliingia na marashi yake, akasimama mbele ya ubao, akaichomoa kadi kwa kucha mbili. Akanigeukia.

"Mtoto haoni, na wazazi wanalala usingizi. Wengine wanazaa tu. Huyu namchukua mimi mwenyewe."

Nikasema vizuri, wifi. Ahsante, wifi. Mdomo wangu huu huu! Akataka nimpatie vipimo kutoka kwa mama wa mtoto, na nimwambie huyo mama maneno mawili ya ukweli. Nikasema nitamwambia.

Nimemwambia. Njia nzima ya kurudi nyumbani nimekuwa nikimwambia.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimekata jina la Chiriku juu ya karatasi ya daktari kwa mkasi. Limebaki kwenye kiganja, kipande chembamba. Karatasi nimempa wifi kwenye kikao. Kaisoma, kaikunja, kaingiza mkobani. Jina la ukoo wake lilikuwa hapo sentimita mbili juu.

Kisha pigo. Mfadhili wetu mpya, mwenye duka la samani, anataka picha. Kwa hiyo mwaka huu hakuna mlango wa nyuma. Sherehe ya tarehe 21: karani anaita namba, mtoto anapanda jukwaani, anapokea, anapigwa picha na mtoaji. Nikasema huo si utaratibu wetu, watoto watachekwa shuleni. Wifi akasema anayeona haya basi hana shida ya kweli. Mhasibu akacheka. Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Wote, isipokuwa mimi — na mimi karani, sina kura.

Kifurushi kisichokuwa na mtu wa kukipokea kitarudi kwa mtoaji. Hilo nalo limeandikwa. Limeandikwa na mimi.

Jumapili, 15 Desemba

Chakula cha mchana kwa wifi, ukoo wote. Chiriku kakaa karibu naye, na selotepu yake hadharani kwenye sikio, akimsimulia wimbo watakaoimba kwenye sherehe. Nikawa natazama. Nikasema moyoni: sasa ataona. Atauliza mtoto huyu miwani yake imekuwaje. Ningesema kila kitu, wallahi, kiapo cha mtu kisingenizuia!

Wifi akamtazama sawasawa. Akamwambia siku ya sherehe aivue, maana yuko mstari wa mbele na ile takataka itaharibu picha.

Chiriku akasema sawa, shangazi. Mume wangu akaomba apitishiwe maji.

Kisha wifi akaanza kutusimulia habari za yule maskini wake, namba ishirini na tatu, mtoto wa watu wasiojali, jinsi alivyomchagulia fremu ya bluu. Alikuwa na machozi ya kweli. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Ana huruma, sikatai. Inafika kote, isipokuwa kwenye kiti cha pembeni yake.

Jumatano, 18 Desemba

Watoto wa kwaya walienda kwa wifi kufunga zawadi kwa karatasi za rangi. Chiriku kurudi — kimya. Huyu mtoto akiwa na homa huongea! Alikula, akafuta meza, ndipo akasema:

"Mama, leo nimevaa miwani ya mtoto maskini. Inanikaa."

Alikuwa amepewa aifunge. Akaijaribu kidogo tu. Akaona saa ya ukutani upande wa pili wa sebule, hadi mshale wa sekunde. Akaona shangazi ana nywele kwenye kidevu. Kwa kawaida hapo angecheka mpaka adondoke. Hakucheka. Nikamwambia macho ya watu hufanana. Akanitazama — kwa karibu, kama anavyotazama kila kitu siku hizi — akasema haya.

Baba yake alikuwa mlangoni. Amesikia yote. Akachukua ndoo, akaenda kuosha gari. Jumatano!

Alhamisi, 19 Desemba

Nimejaribu la mwisho. Nimemwambia wifi kwamba mama wa namba 23 ni mgonjwa, hataweza kuja, nipe mimi nimpelekee. Akasikitika sana. Akasema basi twende wote nyumbani kwake, na mpiga picha aje. Nikasema labda atapata nafuu.

Nyumbani nikampa mume wangu vidonge vyake. Nilisema yote — maktaba, shati, ndoo, kiapo. Nikasema unamlindia nani heshima, na mtoto anapapasa ukuta? Hakubisha. Ingekuwa afadhali abishe. Alisema tu kwamba mtoto akipanda pale, dada yake atakuwa na la kusimulia hadi amzike. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama ni kweli aliona mshale wa sekunde.

Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 21 Desemba

Naandika stoo, nimekalia kreti la soda. Kipaza sauti kimekufa baada ya namba kumi na tisa. Fundi umeme anahangaika na waya, watu wamepewa biskuti. Dakika kumi, kasema. Afadhali niandike.

Ukumbi umejaa. Mume wangu kaja, suti ya harusi yetu, mstari wa pili, ameshika magoti. Sikutegemea. Wifi yuko jukwaani na mfadhili, vifurushi vimepangwa kwa namba. Kile kidogo chenye utepe wa bluu nakiona hata nikifumba macho.

Wale kumi na tisa wamepanda mmoja mmoja. Namba nane alificha uso kwa mkono, mpiga picha akamshusha mkono. Namba kumi na moja hakutokea. Nikaita mara tatu. Wifi akakitia kifurushi chini ya meza na kusema kwenye kipaza sauti kwamba wengine hata shukrani hawana. Mama yake nilimwona. Alikuwa pale pale kwenye kona, anapiga makofi na wenzake. Ni yule aliyekuwa akitafuta saa ya kwaya.

Mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Bado wanne. Nikiiita ishirini na tatu na asije mtu, miwani inaingia chini ya meza, na hakuna macho mengine duniani itakayoyafaa. Nikiiruka, wifi ana orodha mkononi. Na nikisema, nikisimama pale na kusema ni mtoto wetu — mume wangu ameshika magoti kwa nguvu namna ile.

Mlango umegongwa. Nilidhani fundi. Ni Chiriku, na sare yake ya kwaya, bila miwani kama alivyoagizwa. Kaja akishika ukuta. Akasimama mbele yangu akikodoa macho, nadhani aliniona kama kivuli. Nikamuuliza kama amepata biskuti.

"Mama, kutoka tunaposimama hadi kwa shangazi, kuna ngazi ngapi?"

Hakuuliza kwa nini. Wala hakulia. Alitaka hesabu tu, asije akaanguka mbele za watu.

Nimemwambia tatu, na kwamba ya mwisho ni pana kuliko zile mbili. Akarudia kwa midomo: tatu, ya mwisho pana. Ameondoka. Nasikia wifi anapuliza kipaza sauti, moja mbili, moja mbili, kimepona. Ananiita.