Kosa si la Kocha

Buffalo, Oktoba 2015

Binti yangu Rakeli,

Huku baridi imeanza, ila mimi ni mzima. Kaka yako Kamanzi amenipigia kutoka Columbus akifoka: "Baba, kocha wa Mizero hajui kupanga mchezo! Rakeli amtoe mtoto kwenye timu!" Usimtoe.

Video uliyonitumia kutoka Louisville nimeitazama mara nne, kalamu mkononi. Mipango ya kocha ni mizuri. Lakini katika mpira huu wa Kimarekani, mrushaji ndiye anayepaza sauti ili wenzake waanze, na mrushaji ni Mizero. Mara tano mwamuzi aliwaadhibu kwa kuchelewa kuanza mchezo. Mjukuu wangu alikuwa akinong'ona, macho chini, kwa kuwa wale wenzake wanaomkinga wamemzidi umri. Hayo hakufundishwa na kocha. Nilimfundisha mimi, tukiwa kambini Burundi, tena kwa fimbo. Jambo hilo linaniuma.

Basi Ijumaa, kabla ya mechi, msomee haya: Babu amekuruhusu kuwafokea wakubwa zako mpaka filimbi ya mwisho. Atakayeuliza adabu yako imekwenda wapi, mpe namba yangu ya simu.

Ni mimi baba yako,
Rukundwa