Baba, Kaburi la Mfalme Wameligeuza Kiti

Mpendwa baba,

Nakuandikia kutoka Woolwich, hapa London, nyumbani kwangu, nikiwa na kinyaa ambacho hata kuoga hakukiondoi. Jambo lenyewe ni la kule mlimani, na kule mlimani mtu wangu ulikuwa wewe.

Unakumbuka uliponipandisha mara ya kwanza? Nilikuwa darasa la tatu. Tulipofika kwenye ule ukuta wa mawe uliobomoka, ukaniambia ndilo lango la mji wa wafalme, ukaniamuru nivue ndala. Nyasi zilikuwa na umande, miguu ikaniganda. Ukanionyesha misingi ya nyumba za wake wa mfalme, kisha kaburi lenyewe: rundo la mawe tu, limeota kuvu, ukungu umelifunika. Nikakuuliza, "Ndiyo hili tu?"

"Punguza sauti," ukasema. "Babu yako alilifagia, na mimi nalifagia. Mfalme hana mtu mwingine."

Ukainama ukafagia kimya kimya, na mimi nikaokota majani.

Ulipofariki, kazi hiyo aliirithi mdogo wangu Hemedi. Nikaridhika. Nilikuwa huku London nawaogesha wazee wa watu, nikijua kwetu yupo anayemtunza mzee wetu wa mlimani.

Mwaka jana nilikuja likizo, nikapanda peke yangu. Baba, nilianza kunusa kabla sijaona. Kwenye zile nyumba za wake wa mfalme watu wanajisaidia. Inzi wamejaa. Ukuta umechorwa majina na mioyo kwa rangi. Na kaburi! Hemedi amelisiliba kwa saruji, amelipaka rangi ya dhahabu, juu yake ametengeneza mahali pa kukalia. Wageni wanavishwa joho na taji la plastiki, wanamkalia mfalme, wanapigwa picha. Nilimkuta mwanamume mmoja amekaa hapo anatafuna paja la kuku, mifupa anatupa nyuma.

Nilijitenga nikatapika.

Hemedi akanifuata akicheka. "Dada, London imekulainisha. Wafu hawali. Sisi ndio tunakula."

"Unakulia wapi, Hemedi? Chooni?"

"Nikikaa kufagia kama baba, nitakufa maskini kama baba."

Niliteremka bila kumuaga.

Mwezi uliopita watu wa kwetu wanaoishi huku wakamwalika aje kuutangaza mlima, wakamwandalia sherehe kwenye ukumbi mmoja Stratford. Akanipigia simu kwa furaha. "Dada, nitafikia kwako."

"Kwangu hufikii."

Mama alilia kwenye simu. Akasema ndugu hafukuzwi mlangoni, hata awe na ukoma. Sikulegea. Lakini aliponisihi walau niende ukumbini, nilikwenda, kwa ajili yake.

Hemedi aliingia na lile joho, taji kichwani. Ngoma zikapigwa, watu wakajipanga kupiga naye picha. Binti yangu Rehema, aliyezaliwa huku, akaninong'oneza kwa Kiingereza chake: kwani mjomba ni mfalme kweli?

"Hapana," nikamwambia. "Ni mfagiaji aliyeacha kazi."

Ndipo Hemedi akaniona. Akaja moja kwa moja, akainama mbele ya watu wote.

"Shikamoo, dada."

Watu wakatugeukia, kila mtu ananisubiri. Wewe ulitulea tukijua kwamba shikamoo haikataliwi, hata ikitoka kwa adui. Nilimtazama, jasho linamtiririka chini ya ile plastiki, midomo ina mafuta ya nyama. Nikaitafuta marahaba mdomoni mwangu, nikakuta nyongo. Akarudia, safari hii kwa sauti ndogo, kama alipokuwa mtoto akiogopa kiboko: "Dada, shikamoo."

Nikachukua koti langu, nikamshika Rehema mkono, tukatoka.

Sijui ungenisifu au ungenichapa. Mama hapokei simu zangu. Lakini sikuitikia, baba, na kesho akiniamkia tena sitaitikia.

Pumzika. Na kama huko mnaonana na mfalme, tuombee radhi.

Ni mimi, binti yako mkubwa.