Dirisha la Kijivu

Msasani, Tukuyu
12 Mei 2007

Kaka yangu mpendwa Andongwisye,

Pokea salamu za moto kutoka kwenye baridi yetu. Kifua chako kimepona, au bado unakunywa maji ya barafu kama mtu asiyesikia? Sisi huku wazima. Mama ana mkungu wa ndizi anaoutafutia msafiri wa Dar, kwa hiyo kaa tayari kuupokea.

Kubwa la barua hii ni furaha: baba amebaki kazini! Najua hukujua hata kwamba alikuwa anaondolewa. Alitukataza tusikwambie.

Ile programu ya mizani uliyokiandikia chama chetu cha wakulima wa chai iliwekwa kwenye kompyuta mpya za Linux mwezi wa pili, na baba, karani wa mizani, akapewa kuiendesha. Ikawa wakulima wanakuja ofisini na stakabadhi zao, wanakuta kilo zao hazimo kwenye kompyuta. Zikazuka kelele. Katibu, Bwana Samson, akasema mzee macho yamekwisha, mkutano utafute mwingine. Baba hakujitetea hata kwa neno moja. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda.

Unanijua kwa ubishi. Nilikwenda kukaa kando yake akifanya kazi, nikaona. Kwenye madirisha yote yanayofunguka katika kioo cha mashine ile, kitufe cha kuhifadhi kiko upande wa kulia. Mkono wa baba umeshazoea, hautazami tena. Lakini la kwako, kaka, ni dirisha la kijivu lisilofanana na wenzake, na upande huo huo umeweka kitufe cha kufuta! Baba alikuwa anapima vizuri, anaandika vizuri, halafu anafuta.

Basi ule ujuzi wangu wa kompyuta wa chuo mliokuwa mnaucheka ukapata kazi. Nikaivalisha programu yako sura ya mashine yenyewe, rangi zile zile na herufi zile zile, vitufe nikavipanga upya. Kilo zilizopotea tukazirudisha kutoka kwenye stakabadhi. Siku ya mkutano nikaomba baba aiendeshe mbele ya wote. Akapima vikapu, akabonyeza bila kutazama, na Bwana Samson akasoma majina na kilo kwa sauti kutoka kwenye kompyuta. Hakuna kilo iliyopungua. Mama akaanza vigelegele, ukumbi mzima ukamfuata, na Bwana Samson akamwomba baba radhi hadharani. Nilijiona mrefu kuliko Mlima Rungwe!

Sasa lililonikaa moyoni. Njiani tukirudi nyumbani nilimuuliza baba kwa nini alinyamaza. Akasema alishahisi kuwa programu ndiyo inayokula kilo, ila kila asubuhi ikifunguliwa, jina lako hutokea kwanza. Akaona afadhali watu waseme Asajile amezeeka kuliko waseme mtoto wa Asajile hajui kazi.

Usilie, kaka, nimeshalia kwa niaba yako.

Nisalimie wifi Leah na watoto. Mama anasema mkungu ukifika usiwagawie majirani wote. Na programu nimeibadilisha sura yote, isipokuwa kile kidirisha cha mwanzo chenye jina lako. Baba ameomba kibaki kijivu vile vile.

Mdogo wako akupendaye,
Tusekile