Chini ya Duke Aliyeuawa Darajani

Papa Bolamba,

Wamekubali. Jumatatu ukuta wa darasa lako utapakwa chokaa. Kwa miaka kumi na miwili niliandika, niligombana, nilipiga meza ya chumba cha walimu mpaka chai ikamwagika, nikidai kwamba ule mti wako wa maduke wa Burgundia ufutwe. Jana magunia mawili ya chokaa yaliletwa kwa baiskeli ya toleka, na mwendeshaji akayatua mlangoni mwako akiwa mweupe hadi kwenye kope. Nimeshinda. Nakuandikia kwa sababu sijapata kushinda vibaya namna hii, na sijui nimweleze nani mwingine.

Mti huo naujua tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Ulitusimamisha mmoja mmoja mbele yake tukariri vizazi vinne, baba kwa mwana. Shujaa, mtoto wa mfalme wa Wafaransa, aliyepata jina hilo kwa kubaki ubavuni mwa baba yake vitani wakati wakubwa walikimbia. Asiye na Hofu, aliyetuma watu wamuue binamu yake, na mwishowe akauawa yeye mwenyewe darajani, katika mkutano wa amani. Mwema, aliyetawala muda mrefu kuliko wote. Na Mwenye Pupa, aliyekufa vitani kwenye baridi kali, akaacha binti mmoja tu. Uliwachora kwa rangi ya mafuta, pamoja na alama zako: mstari kwa mtoto, msalaba kwa aliyekufa, duara kwa aliyerithi kiti. "Duke," ulikuwa ukisema, "ni mutu aliachiwa inchi na mufalme, halafu akasahau kama kuko mufalme." Tulicheka, tukakariri.

Nilipokuwa mwalimu wa darasa la jirani niliacha kucheka. Mtoto wa hapa Mangobo anajua viatu vya duke vilikuwa na ncha ndefu kiasi gani, na hajui babu wa babu yake alizikwa wapi. Niliyaandika hayo katika kijarida chetu cha stensili. Niliandika kwamba mwalimu mmoja wa mji huu amejificha katika karne ya kumi na tano kama panya ndani ya gunia la mchele, na anashiba humo. Kila mtu alijua ni nani. Ulinirudishia karatasi yangu ikiwa na wino mwekundu: kumi na nne juu ya ishirini, hoja nzuri, hasira ni nyingi kuliko ushahidi. Na kwenye baraza ukaniambia mbele ya wanafunzi, "Madame Zaina, biki yako ya kuandikia iko na moto, lakini haiivishe hata muhogo." Sikukusalimu kwa wiki nzima. Siku ya nane nilikuja kuazima kitabu.

Halafu zikaja zile siku sita za mabomu.

Siku ya pili darasa lako lilikuwa limejaa watu wa mitaa ya Tshopo na Mangobo, waliokimbilia kuta nene za matofali ya mapadri. Majeshi mawili ya kigeni, yaliyokuwa yakila sahani moja mwaka uliotangulia, yalirushiana makombora juu ya paa zetu kwa ajili ya mji usio wa yeyote kati yao. Yule mama anayeuza mikate karibu na daraja la Tshopo alikuwa ameketi chini ya mti wako. Binti yake Feza alipotea mkononi mwake walipokuwa wakikimbia. Nadhani alitafuta tu mahali pa kuweka macho. Akakuuliza, "Na hii musalaba, Mwalimu, ni kusema nini?"

"Ni kusema alikufa, mama."

"Na huyu hapa chini, hana musalaba?"

"Huyo ni binti ya Mwenye Pupa. Rangi iliisha siku ile."

Akafikiri. Kisha akasema, "Bon. Wa kwangu pia hana musalaba. Andika."

Ulitoa chaki mfukoni, ukairudisha. Ukasema chaki inafutika, ukaokota mkaa kwenye jiko la mbabula la mtu na kuandika FEZA chini ya binti wa duke. Kufikia jioni watu walikuwa wamepanga foleni. Waliandika waliopotezana nao, na habari ikija kwamba fulani amekufa, ndugu yake anainuka na kuchora msalaba. Aliyeonekana yu hai anapewa duara. Hata sisi Waislamu tulichora msalaba. Ilikuwa alama ya ukuta, haikuwa ya kanisa. Mjomba wangu Ramazani anao. Angejua, angefufuka anigombeze.

Siku ya tatu asubuhi ulichukua bidoni mbili za njano kwenda kuchota maji chemchemini nyuma ya misheni. Mlangoni ukaniambia, "Madame Zaina, unichungie maduke." Nikakujibu kwamba bomu likianguka humu, naomba lianze nao.

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako. Nimejaribu kuyapanga upya mara nyingi. Hayapangiki.

Mimi ndiye niliyekwenda kukutafuta. Uso haukunisaidia, Papa. Nilikutambua kwa ndara ya mguu wa kushoto, ile uliyoishona kwa waya mwekundu wa simu. Na nilipokuwa nimepiga magoti pale, unajua nilimfikiria nani? Mwenye Pupa. Ulivyotusimulia kwamba alilala siku mbili kwenye tope lililoganda, bila nguo, na mtu mwenye nchi nzima akatambuliwa na tabibu wake kwa kovu na kwa jino lisilokuwepo. Darasa zima tulicheka siku ile. Nilikukasirikia kwa kumweka kichwani mwangu, mtu yule, saa ile. Nimekukasirikia hata leo. Tulikuzika nyuma ya misheni, upande wa mipapai, haraka, pamoja na wengine wawili. Sikulia. Nilirudi darasani na maji. Bidoni moja ilikuwa nzima.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Vita vilinyamaza, watu walirudi makwao, lakini hawakuacha kuja. Wanatoka upande wa Kapalata, wanatoka Lubunga ng'ambo ya mto, wengine wanapanda mitumbwi ya pirogi kutoka Isangi. Na wamejifunza maduke wako. Hawana njia nyingine ya kuelekezana, kwa sababu majina yamejaa kama mchwa. Unasikia mtu anauliza barazani, "Wako iko wapi?" na mwenzake anajibu, "Iko chini ya ule walimuua pa daraja, mukono ya kushoto." Mzee mmoja wa Yanonge, ambaye hakusoma hata siku moja, alinifundisha mimi kwamba Mwema si mwema, kwa sababu chini yake misalaba ni mingi mno. Nilicheka, kisha nikatoka nje.

Wiki iliyopita akaja bwana wa ofisi ya elimu ya wale wanaotutawala sasa. Wageni wa tume ya amani watatembelea mji, na shule zinatakiwa ziwe safi. Alikuwa na karatasi yangu ndani ya plastiki. Sijui aliipata wapi. Amepigia mstari sentensi yangu niliyoipenda: "Futeni ukuta huu ili watoto wetu wajione wenyewe." Jumatatu ninatakiwa niisome mbele ya wageni, kisha nipake brashi ya kwanza. Nikamwonyesha mkaa. Nikamwambia watoto wetu ndio hao hapo, wanajiona. Hakuangalia chini. Alitazama maduke tu, kwa upole, akasema, "Madame, sisi tunatekeleza tu yale uliandika."

Papa, nimegombana na maaskofu na wakuu wa mkoa. Sijawahi kukosa jibu. Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyesahau kizazi cha tatu.

Kwa sababu bado ninaamini kila neno la karatasi ile. Nimeisoma tena leo, sikuona pa kubadilisha. Wale maduke si wetu. Jeshi lao, viatu vyao, madaraja yao. Na sasa niwapiganie? Prefe wetu, mkuu wa shule, amekuja mara mbili ananisihi. "Nakuomba, Madame Zaina, mara hii tu, ufunge kinywa. Ukuta ni ukuta." Anaogopa, na ana haki ya kuogopa, ana watoto saba. Mimi pia naogopa. Wanaobishana na ofisi ile hupelekwa kambini, na wengine wanarudi.

Lakini kinachonichanganya zaidi si hicho. Kinachonichanganya ni wewe.

Unakumbuka yule ofisa wa jeshi la kigeni aliyekuja kukaa nyuma ya darasa lako, mwezi mmoja kabla ya mabomu, na bunduki mapajani? Nilikuwa nimesimama dirishani. Ulifundisha habari za maduke wawili wa ukoo mmoja, waliokula na kunywa pamoja, kisha wakaanza kuuana ndani ya mji wa mfalme wao mgonjwa wa akili. Ukauliza, "Na nani alilipa?" Darasa likajibu kwa sauti moja, "Watu ya muji!" Ofisa akaitikia kwa kichwa, akasifu somo, "Bon cours, Maître." Mimi nikaenda nyumbani na kuandika kwamba wewe ni mwoga. Sasa wanafunzi wako wananiambia ulikuwa shujaa kuliko sisi sote, kwamba ulikuwa ukiwasema mabwana wa mji usoni pao na wao wakakupongeza. Wanaapa walijua. Mbona mimi sikujua? Mimi, ambaye kazi yangu ni kusoma?

Nikamwuliza mkeo. Mama Odette alirudi kutoka Yanonge na watoto mara njia ya mto ilipofunguliwa. Nilimweleza jinsi wanafunzi wanavyosema. Alinitazama kwa huruma. "Bolamba? Aa, Zaina. Alipenda tu viatu vyao."

Basi ni lipi? Ulikuwa ukipigana na mabwana wa mji, mimi nikakupiga mgongoni? Au ulikuwa mtu aliyependa viatu vya watu waliokufa zamani, na vita vikakukuta kama mvua inavyomkuta mtu njiani? Nikikaa na wanafunzi ninawaamini. Nikikaa na Mama Odette ninamwamini. Nimezoea kuwa na hakika kabla ya chai ya asubuhi. Siku hizi napika maharage nikiwaza maduke, nayaunguza.

Mama Odette ndiye aliyeandika jina lako. Liko chini ya duke wa daraja, karibu na dirisha, BOLAMBA, bila alama. Akanikabidhi mkaa. "Ni wewe ulimuona. Wewe utaweka." Hiyo ni miezi miwili sasa. Kila siku napita, kila siku nasema kesho. Nikichora ule msalaba, ugomvi wetu umekwisha, na umekwisha ukiwa na neno lile la mlangoni.

Tumeyanakili majina. Siku tatu, Mama Odette akisoma, mimi nikiandika, madaftari matatu. Mwanzoni nilikataa kuandika maduke. Niliandika watu wetu peke yao. Yule mzee wa Yanonge akaja kumtafuta mjukuu wake daftarini, akageuza kurasa, akapotea. "Mwana yangu, andika vile iko," akasema. "Yangu iko chini ya ule wa baridi." Nikaanza upya. Mkono wangu huu umeandika maduke wako wanne, mmoja baada ya mwingine, na mistari na misalaba yao, ili watu wa Tshopo wapate mahali pa kuning'inia. Ungenipa ngapi juu ya ishirini? Mama Odette ameondoka asubuhi hii na madaftari, yamefungwa ndani ya kitenge chini ya kwanga, mikate ya muhogo. Sasa yako safarini mtoni. Chokaa haitayafikia.

Kwa hiyo hivi ndivyo nitakavyofanya Jumatatu. Nitasoma karatasi yangu mbele ya wageni, yote, hata lile la panya, kwa sababu wameniomba na kwa sababu bado ni kweli. Nikimaliza sitashika brashi. Nitageuka ukutani na kusoma majina, kwa sauti ileile. Nitaanza chini ya Shujaa, nitamalizia chini ya binti wa Mwenye Pupa, ambapo FEZA bado hana msalaba wala duara, na mama yake atakuwa amesimama mlangoni na beseni la mikate. Kila jina na alama yake. Wakitaka kupaka chokaa baada ya hapo, wageni wao watakuwa wamesikia ni nini kinachofunikwa. Sijui kama hilo litauokoa ukuta. Sijui kama wewe ungelitaka. Nimechoka kutokujua, na nimegundua kwamba mtu anaweza kusimama bila kujua.

Nikifika kwako itabidi niseme alama yako mbele ya watu. Siwezi kuisema kama haipo.

Leo mchana shule ilikuwa tupu. Niliokota mkaa, nikasimama karibu na dirisha, nikachora. Msalaba umeinama kidogo upande wa kulia. Samehe kuhusu mlangoni. Pumzika, Papa, nyuma ya misheni, na ndara yako ya waya mwekundu.

Maduke wako nitawachunga mpaka Jumatatu. Baada ya hapo, wapo watu wa kuwachunga.

Zaina